Riba ya Benki Kuu na mkopo wa mnyonge

Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma.



Mwezi Januari 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilianza kuendesha sera ya fedha kwa njia mpya. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa kupima wingi wa fedha katika uchumi, na kuuongeza au kuupunguza kadiri ya haja. Tangu mwezi huo ilianza kutangaza bei ya fedha yenyewe, yaani Riba ya Benki Kuu. Riba ya kwanza ilikuwa asilimia 5.5 kwa mwaka. Aprili mwaka huo huo ilipandishwa kuwa asilimia 6, na Julai 2025 iliteremshwa kuwa asilimia 5.75. Kila mara habari hiyo ilisomwa redioni na kuchapwa magazetini, na wataalamu waliulizwa maoni yao.

Sasa mfikirieni mwalimu wa shule ya msingi ambaye siku ya tangazo kama hilo ameketi katika kibanda cha mkopeshaji, nyuma ya stendi ya mabasi ya mji mdogo. Mtoto wake amechaguliwa kwenda shule ya bweni, na sare, godoro na nauli havingoji mwisho wa mwezi. Anapewa shilingi 100,000 na kutakiwa kurudisha 120,000 baada ya siku thelathini. Kwa dhamana anaacha kadi yake ya benki pamoja na namba yake ya siri, kinyume kabisa cha masharti ya benki iliyompa kadi hiyo. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayetangulia kuufikia. Mikopo ya namna hii wananchi wameipa jina linaloistahili: kausha damu. Mwalimu huyu akishindwa kulipa deni lote na akawa analipa riba peke yake, baada ya miezi kumi na miwili atakuwa ametoa shilingi 240,000, na deni la shilingi 100,000 bado liko pale pale.

Hapo ndipo lilipo swali la mazungumzo haya. Aprili 2024 Benki Kuu ilitangaza asilimia 6 kwa mwaka. Mwalimu analipa asilimia 20 kwa mwezi, yaani asilimia 240 kwa mwaka. Je, Riba ya Benki Kuu ikipunguzwa kwa robo ya asilimia, mwalimu huyu atapata nafuu gani? Jibu la kweli ni kwamba hatapata nafuu yoyote. Na jambo la kushangaza ni kuwa katika hesabu za taifa mwalimu huyu hahesabiwi miongoni mwa waliosahauliwa. Ana akaunti, ana kadi, ana simu yenye huduma ya fedha. Yumo ndani. Lakini uamuzi wa Benki Kuu haumfikii.

Ni dhahiri basi kwamba sera ya fedha na huduma jumuishi za fedha si kazi mbili za idara mbili zisizojuana. Ni kazi moja. Sera ya fedha isiyomfikia mwananchi ni sera pungufu. Na huduma za fedha zinazomwingiza mwananchi mlangoni na kumwacha amkabili mkopeshaji peke yake ni huduma pungufu vile vile.

MKONO UNAVYOFANYA KAZI

Benki Kuu haimkopeshi mkulima wala mwalimu. Hushughulika na mabenki. Riba inayoitangaza huongoza bei ambayo mabenki hukopeshana yenyewe kwa yenyewe kwa muda wa siku saba. Fedha hizo zikiwa rahisi, hutazamiwa kwamba benki itampunguzia riba mfanyabiashara wa jumla, mwenye kiwanda ataongeza mashine, na mjenzi atanunua saruji. Zikiwa ghali, mikopo hupungua, manunuzi hupungua, na bei za vitu hupoa. Lengo ambalo Benki Kuu imejiwekea ni mfumuko wa bei usiopungua asilimia 3 wala kuzidi asilimia 5.

Huo ni mnyororo mrefu, na kila pingili yake inaweza kukatika. Katika nchi tajiri karibu kila kaya ina akaunti, na kaya nyingi zina mkopo wa nyumba. Riba ikipanda, familia huhisi. Katika nchi zinazoendelea hali ni nyingine. Akiba ya mwananchi imo katika kibubu, katika mbuzi na ng'ombe, katika magunia ya mahindi ghalani na katika zamu ya upatu. Mkopo wake hutoka kwa shemeji, kwa mwenye duka, kwa mnunuzi wa mazao anayetoa fedha shamba likiwa bado na maua, au kwa yule mwenye kibanda nyuma ya stendi. Hakuna hata mmoja kati ya hao anayesubiri tangazo la Benki Kuu kabla ya kupanga bei yake.

Hata kwa wale waliomo ndani ya benki, pingili si imara. Wakati Riba ya Benki Kuu ilipokuwa asilimia 6, wastani wa riba ya mikopo ya mabenki ulikuwa karibu asilimia 15. Sababu zake zinajulikana. Benki huogopa mkopaji isiyemjua. Gharama ya kuandaa mkopo mdogo hukaribiana na ile ya kuandaa mkopo mkubwa. Na benki inayoweza kununua hati fungani za serikali, ambazo malipo yake ni ya hakika, haina haraka ya kumfuata mama mwenye genge la nyanya.

Lakini asidhani mtu kwamba aliye nje ya benki yuko nje ya sera ya fedha. Faida za sera hiyo humpita, ila hasara zake humkuta. Katikati ya miaka ya 1980 bei za vitu nchini Tanzania zilipanda kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka. Hesabu yake ni nyepesi na inafaa kufanywa darasani: mkulima aliyeuza pamba na kuficha shilingi 1,000 ndani ya godoro, baada ya mwaka wa bei kupanda kwa asilimia 30, alikuwa na noti zile zile, lakini ziliweza kununua vitu ambavyo mwaka uliotangulia vilinunuliwa kwa shilingi 770 tu. Hakuna aliyevunja mlango wake. Mwenye nyumba za kupangisha au mwenye fedha za kigeni aliweza kujikinga. Mkulima na mfanyakazi wa mshahara hawakuwa na pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo, kulinda thamani ya shilingi ni ulinzi wa kwanza wa mnyonge.

SAFARI ILIYOTANGULIA

Hali kadhalika, haifai kusahau ilikotoka nchi hii. Kabla ya mwaka 1966 Tanzania haikuwa na benki kuu. Fedha zilitolewa na Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuifunga shilingi kwenye paundi ya Uingereza. Mabenki yalikuwa mali ya wageni, na yalikaa mijini yakihudumia biashara ya kusafirisha mazao. Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa Juni 1966. Miezi minane baadaye, Februari 1967, mara tu baada ya Azimio la Arusha, mabenki yalitaifishwa na Benki ya Taifa ya Biashara ikaundwa.

Hatua hiyo ilikuwa na shabaha ya haki: benki imfuate mwananchi wilayani. Na kwa kweli matawi yalifunguliwa mahali ambapo mwenye benki wa kigeni asingekanyaga. Lakini kuwapo kwa tawi hakukuwa sawa na kuwapo kwa mkopo. Riba zilipangwa kwa amri na mara nyingi zilikuwa chini ya kasi ya kupanda kwa bei. Sehemu kubwa ya mikopo ilikwenda kwa mashirika ya umma na vyama vya mazao, na mingi haikurudi. Mkulima alipeleka akiba yake kwenye tawi, na akiba hiyo ikaziba pengo la shirika lililokuwa likipata hasara. Tume ya Rais iliyoongozwa na Charles Nyirabu, aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, ilichunguza mambo hayo kuanzia mwaka 1988. Sheria mpya ya mabenki ilipitishwa mwaka 1991, na mabenki binafsi yakaruhusiwa. Mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa, na sehemu moja ikawa Benki ya Taifa ya Microfinance, iliyorithi matawi mengi ya wilayani.

Kipindi hicho nacho kilikuwa na upungufu wake. Benki iliyotakiwa kupata faida ilitazama tawi la mbali, ikakuta amana ni ndogo na gharama ni kubwa. Matawi mengi yalifungwa. Hivyo basi nchi ilijifunza masomo mawili kwa gharama kubwa. Amri peke yake hufikisha jengo bila kufikisha mkopo wenye afya. Soko peke yake hufikisha mkopo kwa yule ambaye tayari anacho.

SIMU NA MIPAKA YAKE

Kilichobadili hali ni simu ya mkononi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka 2008. Wakala mwenye meza na mwavuli alifika pale ambapo tawi lilishindwa. Uchunguzi wa kitaifa wa FinScope ulionyesha kuwa mwaka 2017 watu wazima asilimia 65 nchini Tanzania walitumia huduma rasmi za fedha, na mwaka 2023 wakafikia asilimia 76. Haya ni maendeleo makubwa, na asiyeyaona ni mkaidi.

Maendeleo hayo yana maana kwa sera ya fedha pia. Shilingi iliyomo kwenye simu haikai hewani. Kampuni ya simu hutakiwa kuweka kiasi kilekile katika akaunti maalumu za amana kwenye mabenki. Noti iliyokuwa ndani ya godoro, isiyoonekana na Benki Kuu wala kuzaa mkopo kwa mtu yeyote, sasa imeingia katika mzunguko wa mabenki. Kila mwananchi anayehama kutoka kibubuni kwenda kwenye simu anaurefusha mkono wa Benki Kuu kidogo.

Vile vile mkono huo unaweza kufupishwa. Julai 2021 serikali ilianzisha tozo juu ya miamala ya simu. Wananchi walilalamika, wengi wakarudia kubeba fedha mkononi, na Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Nia ya kukusanya mapato ya maendeleo haikuwa mbaya. Lakini ilidhihirika kwamba mwananchi aliyeingia kwa hiari hutoka kwa hiari pia, na kwamba hatua ya kodi inaweza kubomoa kwa mkono mmoja kile ambacho sera ya fedha inakijenga kwa mkono mwingine.

Mpaka ulio mkubwa zaidi upo katika mikopo. Mfano ulio wazi unatoka kwa majirani wa Kenya. Novemba 2012 ilianzishwa huko M-Shwari, mkopo wa simu unaotolewa na benki. Mwananchi asiye na hati ya nyumba alikopa kwa dakika chache, naye alikuwa na sababu ya kushukuru. Bei yake ilikuwa ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku thelathini. Kwa kuwa iliitwa ada, wengi hawakuipima kama riba. Atakayeizidisha kwa miezi kumi na miwili atapata asilimia 90 kwa mwaka. Katikati ya mwaka 2015 riba ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa asilimia 11.5, Aprili 2020 ilikuwa imeshuka hadi asilimia 7. Ada ya mkopo wa simu ilibaki asilimia 7.5 ile ile. Mamilioni walikuwa wameingia ndani ya mlango, lakini riba ya taifa iliposhuka, bei ya mkopo wao haikutikisika.

Wapo watakaosema: basi iwekwe sheria ya kuzuia riba. Kenya ilijaribu hilo pia. Mwaka 2016 Bunge liliamua kwamba benki isitoze zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Shabaha ilikuwa kumlinda mkopaji mdogo, na matokeo yakawa kumtoa nje. Benki zilipunguza mikopo kwa wafanyabiashara wadogo na kununua dhamana za serikali. Isitoshe, sera ya fedha yenyewe iligeuka kichwa chini miguu juu: Benki Kuu ilipopunguza riba ili mikopo iongezeke, kikomo kilishuka pamoja nayo, na benki zikazidi kumkataa mkopaji mdogo. Novemba 2019 kikomo hicho kiliondolewa. Aliyekataliwa na benki katika miaka hiyo hakuacha kuwa na shida. Alikwenda kwa mkopeshaji ambaye sheria hiyo haikumgusa.

YAPASAYO KUTENDWA

Kwa hiyo, Ndugu, kipimo cha huduma jumuishi za fedha hakiwezi kuwa idadi ya akaunti peke yake. Kipimo cha kweli ni hiki: riba ya Benki Kuu inaposhuka, je, mkopo wa mnyonge unakuwa nafuu? Ikiwa sivyo, kazi bado.

Tanzania imeanza kuchukua hatua. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji wadogo, vyama vya akiba na mikopo na vikundi vya kijamii chini ya usimamizi. Wakopeshaji wenye leseni wasiopokea amana waliwekewa kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza mfuko wa shilingi trilioni 1 wa kuyakopesha mabenki kwa asilimia 3 kwa mwaka, kwa sharti kwamba nayo yakopeshe sekta binafsi, kilimo kikiwamo, kwa riba isiyozidi asilimia 10. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza hadharani majina ya programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Hizi ni hatua za kupongezwa. Lakini mfano wa Kenya unaonya kwamba kikomo cha riba hakina nguvu pale ambapo mkopaji hana mlango mwingine. Mkopeshaji wa kausha damu hashindwi kwa kukemewa. Anashindwa mteja wake anapopata mahali pengine pa kukopa.

Mahali hapo pengine panahitaji mambo matatu.

Kwanza, bei ya mkopo isemwe kwa lugha moja. Iwe inaitwa riba, ada, gharama ya fomu au faida, mkopaji aambiwe kabla ya kutia sahihi atarudisha shilingi ngapi kwa jumla, na hiyo ni asilimia ngapi kwa mwaka. Bei isiyolinganishika haiwezi kushindaniwa, na bei isiyoshindaniwa haitikisiki Benki Kuu ifanye lolote.

Pili, uaminifu wa mnyonge uandikwe. Mama aliyelipa mikopo ya kikundi chake kwa miaka kumi bila kuchelewa hata mara moja ana dhamana bora kuliko viwanja vingi vyenye migogoro. Lakini daftari la kikundi hubaki sandukuni, na benki hailioni. Rekodi ya kulipa vizuri ikimfuata mwananchi kila aendako, kama cheti cha shule kinavyomfuata mwanafunzi, benki itakuwa na sababu ndogo ya kumwogopa.

Tatu, serikali yenyewe ilipe kwa wakati. Mkandarasi asiyelipwa hawezi kulipa benki, na benki iliyoumia humpandishia riba anayefuata. Malimbikizo ya mtumishi yanapokaa mezani, mtumishi huyo huenda kwa mkopeshaji. Faili linalolala ofisini ni mteja mpya wa kausha damu. Katika jambo hili mtumishi wa umma si mtazamaji. Kalamu anayo mkononi.

Mwalimu naye ana sehemu yake, na si ndogo. Hesabu ya asilimia hufundishwa katika kila shule ya msingi, mara nyingi kwa mifano ya machungwa na maembe. Mtoto anayeweza kukokotoa asilimia 20 ya shilingi 100,000, kisha akazidisha kwa miezi kumi na miwili, anaweza kumwokoa mzazi wake jioni ile ile. Na pale walimu walipo na chama imara cha akiba na mikopo, chenye vitabu vinavyokaguliwa na viongozi wanaochaguliwa kwa haki, mwenye kibanda nyuma ya stendi hupungukiwa wateja. Chama hicho kinapokopa benki ili kuwakopesha wanachama, mnyororo unaotoka Benki Kuu unapata pingili moja zaidi, na mwisho wake unafika shuleni.

Waasisi wa Benki Kuu waliitoa shilingi katika kivuli cha paundi. Kizazi kilichofuata kiliifikisha wilayani, na kizazi cha simu kimeiweka mkononi mwa mwanakijiji. Kazi iliyobaki ni ngumu kuliko hizo zote, kwa sababu haina jengo la kufungua wala utepe wa kukata. Ni kuhakikisha kwamba bei ya fedha inayotangazwa kwa jina la wananchi wote inawafikia wananchi wote. Itakuwa imekwisha siku mwalimu atakaposikia redioni kwamba riba imeshuka, akaichukua kadi yake ya benki kutoka mfukoni mwake mwenyewe, akaenda kuuliza mkopo wake umepungua kwa shilingi ngapi.